Breki ya nyuma ya boda: dramu au diski, na namna ya kuihudumia mwenyewe

Boda nyingi zinazopita mbele ya gereji yangu hapa Mbale, Uganda, Boxer na TVS za sisi (cc) 100 mpaka 150, nyuma zina breki ya dramu. Ni kikombe cha chuma kilichojificha ndani ya habu, yaani kitovu cha tairi, upana wake milimita 110 au 130, na ndani yake mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Hivyo ndivyo breki shuu, wengine husema viatu vya breki. Ukikanyaga pedeli, fimbo inavuta mkono mdogo ulio nje ya habu, mkono unageuza kemu, yaani kipande bapa cha chuma kilicho kati ya ncha za shuu, kemu inazitanua shuu mpaka zinasugua ukuta wa kikombe. Ukiachia, springi mbili zinazirudisha. Hakuna mafuta ya kuvuja wala mpira wa kupasuka.

Pamoja na urahisi wote huo, haupiti mwezi bila kijana wa steji kuniletea pikipiki na maneno yale yale: "Fundi, nifungie diski nyuma. Hii dramu haishiki."

"Lete kwanza niione."

Wa mwisho alikuwa na Boxer ya miaka minne. Nati ya fimbo ilikuwa imekazwa mpaka uzi umeisha, na mkono wa kemu umelala mbele kama mtu anayesukuma gari. Nilipofungua habu, laini ya shuu, ule utando unaosugua kikombe, ilikuwa nyembamba kama ganda la ndizi lililokauka, na vumbi jekundu limejaa kiganja kizima. Nilibadilisha shuu na springi, nikasafisha, nikapaka grisi kidogo kwenye kemu. Kijana alizunguka mara moja mpaka barabara kubwa, akarudi anacheka. Diski akaisahau.

Sisemi kwamba diski ni mbaya. Ninachosema ni kwamba dramu iliyotunzwa inaishinda diski iliyotelekezwa, na hapa kwetu vitu vingi hutelekezwa. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, pitia hatua hizi.

Jua kwanza breki ya nyuma inabeba kazi kiasi gani

Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele. Ndiyo maana abiria anakugonga mgongoni kwa kifua. Tairi la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linakuwa jepesi, na breki ya mbele inafanya theluthi mbili za kazi au zaidi. Kwa mtu anayepanda peke yake, breki kali sana nyuma haimwongezei kitu: tairi jepesi litafunga, litateleza, na kwenye lami yenye mvua mkia utaanza kumpita.

Hesabu hiyo lakini ni ya mtu mmoja kwenye kiti. Boda yetu ina dereva, abiria wawili na mkungu wa matoke kwenye keria. Uzito wote huo umekaa juu ya ekseli ya nyuma, au hata nyuma yake. Hapo tairi la nyuma lina mshiko wa kutosha, na breki yake inafanya kazi kubwa kuliko ile iliyokusudiwa na watu walioichora pikipiki. Ukisoma maoni ya watu wa nchi nyingine kwamba breki ya nyuma ni ya kusaidia tu, kumbuka hawajabeba viazi.

Mimi nimebeba. Zamani nikiwa bado naendesha, nilishuka kutoka Sipi kuelekea Sironko na magunia matatu ya viazi, gia ya nne, mguu juu ya breki muda wote kwa sababu mkono wa mbele nilikuwa nauogopa. Katikati ya mteremko nikaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Pedeli ilikuwa inaenda chini zaidi na zaidi, na pikipiki haipungui mwendo. Niliteremsha gia moja moja mpaka ya pili, injini ikapiga kelele, nikaingia kwenye ukingo wa udongo kwa makusudi. Niliposimama nilitema mate kwenye habu, yakachemka.

Kilichotokea ni hiki. Dramu imefunikwa, joto halina pa kutokea. Kikombe kikipata moto kinatanuka na kuzikimbia shuu, na laini ikizidi joto inapoteza mshiko, inateleza kama sabuni. Dawa yake ni kungoja ipoe yenyewe. Usimwage maji kwenye habu iliyochemka, chuma kinaweza kupinda au kupasuka. Na mteremko mrefu, uwe wa Kapchorwa, wa Kabale au wa Bundibugyo, shuka nao kwa gia ambayo ungepandia, halafu tumia breki zote mbili kwa vipindi, kamata na kuachia, bila kuulalia mguu.

Amua kwa kazi unayofanya, usiangalie sura

Diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi mbili, iko nje kwenye upepo, kwa hiyo inapoa haraka. Ukipita kwenye maji inajikausha baada ya kuzunguka mara chache, wakati dramu ikiingiza maji inaweza kukunyima breki mpaka uikaushe kwa kuikanyaga kidogo kidogo ukitembea. Pedi zikipungua diski inajirekebisha yenyewe, huhitaji kukaza nati kila wiki. Na unene wa pedi unauona bila kufungua tairi.

Sasa upande wa pili. Diski ya nyuma inakaa chini, palepale tairi linaporushia tope. Kwenye barabara ya maramu wakati wa mvua, tope lile lenye changarawe linakaa kati ya pedi na diski na kuzisaga zote mbili. Jiwe moja linaweza kuipinda. Ina mafuta, ina sili za mpira, ina bomba, na kimoja kikiharibika ukiwa Bukwo au Bududa, duka la karibu litakuwa na breki shuu za Boxer ukutani lakini pedi za modeli yako hazipo. Pedeli ya diski pia ni nyepesi. Anayetoka kwenye dramu hukanyaga kwa nguvu za zamani na kufunga tairi.

Maoni yangu, na fundi mwingine anaweza kubisha: kwa boda ya kawaida inayobeba watu na mizigo, diski mbele na dramu nyuma. Pesa ya diski ikae kule kwenye kazi kubwa. Diski nyuma namshauri mtu mwenye pikipiki ya sisi 150 kwenda juu, anayekimbia kwenye lami, mara nyingi yuko peke yake, na haishi mbali na mji wenye vipuri.

Kitu nisichokubali kabisa ni kugeuza dramu kuwa diski kwa kuchomelea. Kubadilisha nyuma kunahitaji habu nyingine, kaliper (kifaa kinachobana pedi), masta silinda ya mguuni (pampu ya mafuta ya breki), na mahali pa kuishikilia kaliper kwenye ule mkono wa chuma unaobeba tairi la nyuma. Mahali hapo kiwandani hupimwa. Nimeona palipochomelewa pameachia, kaliper ikaingia kwenye spoku. Ukitaka diski nyuma, nunua pikipiki iliyotoka nayo.

Kwa wenye diski: mambo manne

Angalia pedi kwa tochi ya simu kutoka nyuma ya kaliper. Nyingi zina mfereji katikati. Mfereji ukikaribia kufutika, badilisha. Usingoje chuma kwa chuma, utanunua na diski. Diski nayo ina kipimo cha unene wa chini kilichogongwa juu yake, kwa kawaida kimeanza na herufi MIN. Pitisha ukucha: kama diski imekuwa na ukingo mkali pembeni, imeliwa.

Osha kaliper kwa maji na sabuni kila unapoosha pikipiki, usipige maji ya presha moja kwa moja kwenye sili. Zile pini ambazo kaliper inateleza juu yake zikikauka, pedi moja itaisha na nyingine ibaki nzima. Zipake grisi ya breki, isiyoyeyuka kwa joto, na usiguse pedi kwa mkono wenye mafuta.

Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa. DOT 4 mpya inachemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Ikishakunywa maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Ikichemka ndani ya bomba unakuwa na mvuke, na mvuke unabonyea: pedeli inazama kama umekanyaga sponji. Badilisha kila miaka miwili, na usinunue kopo lililokwisha kufunguliwa dukani hata ukipunguziwa bei. Soma kifuniko cha tangi la breki uone wanataka DOT ipi. Yakimwagikia rangi ya pikipiki yafute hapo hapo, yanaibabua.

Kutoa upepo: chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye chuchu ya kaliper (ile nati ndogo yenye tundu), ncha ya pili iingie kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Mwenzako akanyage pedeli mara kadhaa, aishikilie chini. Fungua chuchu robo mzunguko, mafuta na mapovu yatoke, ifunge, ndipo aachie. Asiachie kabla hujafunga. Rudia mpaka mapovu yakome, huku ukiongeza mafuta juu, kwa maana tangi likikauka unaanza upya.

Kwa wenye dramu: kukaza, na pa kuacha kukaza

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Bonyeza pedeli kwa mkono. Inatakiwa icheze kama milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kukamata, yaani karibu upana wa kidole gumba. Ikicheza zaidi, kaza nati iliyo mwisho wa fimbo, mara nyingi ni spana 14. Igeuze nusu mzunguko, kisha zungusha tairi kwa mkono. Lizunguke huru, sauti ndogo ya kukwaruza si neno, lakini likisimama lenyewe umekaza mno na utachoma shuu.

Iangalie nati yenyewe kwa karibu. Uso wake mmoja umechongwa mfereji wa mviringo, na mfereji huo unakaa juu ya pini ya duara kwenye mkono wa kemu. Kila nusu mzunguko utasikia "tak" ikiingia. Ukiiacha imepanda juu ya pini, itajisogeza yenyewe barabarani na pedeli italegea kabla ya jioni.

Ukikaza cheni, breki inabadilika pia. Tairi likisogea nyuma na fimbo ina urefu ule ule, mkono unavutwa na breki inaanza kukamata bila kukanyagwa. Wengi hukaza cheni asubuhi, mchana wanalalamika pikipiki haina nguvu na inakula petroli.

Jambo la kutazama kuliko yote ni mkono wa kemu. Mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, wewe uchungulie pembeni. Pembe kati ya fimbo na mkono isizidi ile ya kona ya kitabu. Mkono ukishaipita kona hiyo na kulala mbele, kila nguvu ya mguu inapungua njiani, na kemu iko karibu kupinduka ndani; ikipinduka haitarudi, tairi litafunga ukiwa kwenye mwendo. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye shina la kemu na alama kwenye sahani ya habu: mshale ukigusa alama wakati breki imekanyagwa, shuu zimekwisha.

Hapa ndipo wanapofanya ujanja. Wanauchomoa mkono kwenye meno yake, wanaurudisha nyuma jino moja au mawili, na ghafla breki "imepona". Kilichopona ni pembe tu. Laini haijaongezeka hata unywele, na sasa hata mshale hausemi kweli tena. Ukinunua pikipiki iliyotumika, mkague muuzaji hapo kwanza.

Kufungua na kubadilisha shuu

Tafuta mahali pasafi. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, hasa mpangilio wa washa (vile vipete bapa vya nati) na vipande vya ekseli.

Fungua nati ya fimbo, chomoa fimbo, rudisha ile pini na springi kwenye fimbo zisipotee. Kisha kuna chuma kirefu kinachoshika sahani ya breki isizunguke. Toa kotapini yake (pini ya kukunja inayozuia nati isifunguke), fungua nati yake. Fungua ekseli, ichomoe, sukuma tairi mbele, toa cheni, literemshe. Sahani ya breki inatoka kwa mkono.

Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Laini za zamani na za bei rahisi zinaweza kuwa na asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha kitambaa, futa, tupa kitambaa. Vijana wangu walinicheka nilipoanza jambo hili.

Pima laini mahali ilipo nyembamba. Ikibaki milimita 2, tupa. Huna kipimo? Njiti ya kiberiti ina unene wa karibu hivyo. Tazama pia kama imelowa mafuta au grisi iliyotoka kwenye beringi; shuu iliyolowa haisafishiki, petroli haitoi kilichozama ndani, na sili iliyovuja ibadilishwe kwanza. Kama laini ni nene ila inang'aa kama kioo, isugue kwa msasa mpaka mng'ao upotee.

Kwenye dramu pitisha kidole. Mistari midogo haina shida. Mabonde yanayoshika ukucha, au ukingo mrefu mdomoni mwa kikombe, maana yake imeliwa. Ndani ya nyingi kimeandikwa kipenyo cha mwisho. Ya milimita 110 mara nyingi huishia 111. Ikipita hapo, shuu mpya zitagusa katikati tu. Kuichongesha kwenye mashine kunawezekana ikiwa bado ina nafasi, ikiwa haina badilisha habu.

Kuhusu kununua shuu: niliwahi kuuziwa jozi, sitataja wapi, ambayo laini ilibanduka kwenye chuma chake wiki ya pili na kujikunja ndani ya dramu. Mwenye pikipiki alikuwa na mkewe nyuma. Tangu siku hiyo kila shuu naitazama kwenye mwanga: gundi ifike ukingoni pande zote, kusiwe na mwanya, na nikiigonga kwa bisibisi itoe sauti kavu moja. Ikitoa sauti ya kitu kilicholegea narudisha. Iwe Kiseka, soko la vipuri la Kampala, au kibanda cha kijijini, mwenye duka anayekataa usiguse bidhaa yake mwache nayo.

Chomoa kemu, futa kutu, paka grisi nyembamba kwenye shina na kwenye uso unaosukuma shuu. Nyembamba kweli, kwa sababu ikizidi itayeyuka na kuishia kwenye laini. Springi zikiwa zimelegea au zina kutu, weka mpya.

Kuzifunga shuu kunawatoa watu jasho bure. Unganisha springi zote mbili kwenye shuu ukiwa umezishika mkononi, zikunje kama mbawa za kipepeo, ziweke upande mmoja kwenye pini na upande wa pili kwenye kemu, kisha zibonyeze zilale chini. Zitaingia kwa mlio mmoja. Huhitaji plaisi.

Rudisha tairi. Usikaze ekseli bado. Funga kile chuma kirefu cha kuzuia sahani, na weka kotapini mpya. Waya wa kufungia kuku si kotapini. Chuma hicho kikiachia siku unafunga breki, sahani inazunguka na tairi, inakata fimbo, na tairi linafunga. Rekebisha cheni, hakikisha alama za pande zote mbili ziko sawa. Sasa kanyaga pedeli kwa nguvu uishikilie, ndipo ukaze nati ya ekseli. Mguu wako unazivuta shuu zikae katikati ya dramu, na breki haitakuwa inakamata upande mmoja.

Washa swichi, kanyaga, tazama taa ya nyuma. Kama inachelewa kuwaka, ipandishe swichi yake kidogo.

Shuu mpya bado hazijaufahamu ukuta wa kikombe chako. Nenda mahali pasipo na watu, kimbia mwendo wa kilomita 30 kwa saa, punguza taratibu mpaka karibu usimame, achia, rudia mara 20 hivi, ukiacha ipoe katikati. Siku hiyo usibebe magunia. Baada ya siku mbili tatu zitakuwa zimekaa na pedeli itakuwa imeshuka kidogo: kaza nati nusu mzunguko au mzunguko mmoja, usikie "tak", zungusha tairi kwa mkono, uende steji.